Kubisha

Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua Pangani, na neno la kwanza la kazi yake nililolishika utotoni ni kubisha. Sisi watoto tulilijua kwa maana mbili: kubisha hodi, na kubisha unapoambiwa jambo usilolitaka. Baba alikuwa na ya tatu. Wakati wa kusi upepo hutoka karibu kule kule iliko Unguja, na mashua haiwezi kuuingia usoni. Basi nahodha huenda mshazari, akageuza tanga, akaenda mshazari wa upande wa pili, akageuza tena, hivyo hivyo mpaka afike. Abiria wa bara waliovuka kwa mara ya kwanza walinong'ona kwamba mzee kapotea njia. Baba hakuwajibu. Macho yake yalikuwa mbele, mahali ambapo wao walikuwa hawajapaona.

Nilifundisha shule za msingi miaka 38, na katika hiyo, 33 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule nne, moja baada ya nyingine, zote za Mkoa wa Tanga. Nilistaafu mwaka 2019. Siku hizi vijana wanaopewa madaraka hunijia nyumbani kuuliza siri ya uongozi, wengine wameshika daftari kabisa. Nawakaribisha chai, nawaambia siri sina, nina makosa, na kwamba kosa kubwa kuliko yote nililifanya katika shule ya nne, nikiwa na mvi kichwani na vyeti ukutani.

Lakini nianze na la kwanza.

Nilitoka Chuo cha Ualimu Korogwe mwaka 1981 na cheti cha Daraja la IIIA, nikapangwa Handeni, mimi mtoto wa pwani ambaye sikuwahi kuamka alfajiri kutafuta maji. Mwaka 1986, nikiwa na miaka 27, nikakabidhiwa shule ya kijiji: madarasa manne, walimu saba, na kengele ya rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkwaju. Wanne kati ya wale saba walikuwa walimu wa UPE. Kwa msomaji kijana nieleze kidogo. Novemba 1974, katika kikao cha Musoma, chama kiliazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani; huo ndio mpango wa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Walimu wa kuwapokea watoto hao hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha. Nchi nzima ilipata walimu kwa njia hiyo, na nchi nzima ikawacheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Siku moja nilipita darasa la tano, nikaona ubaoni mwalimu mmoja wa UPE kajumlisha nusu na theluthi akapata 2/5. Niliingia, nikachukua chaki mkononi mwake, nikafuta, nikaandika 5/6, nikaeleza kwa nini, watoto sitini wakitazama. Nilidhani naongoza. Yeye alisema, "Ahsante, ndugu mwalimu mkuu," akasimama pembeni mpaka nikamaliza.

Kesho yake alikuja, akasaini, akafundisha. Hakuninunia. Ila Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya wazazi kulima shamba la shule. Tulizoea kuona watu themanini na majembe yao. Walikuja sita. Nikauliza wako wapi wengine, nikaambiwa kuna msiba. Jumamosi ya pili kulikuwa na msiba mwingine. Kijiji kile hakijawahi kufiwa kama mwezi ule.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba yule mwalimu ndiye aliyekuwa miguu ya shule. Mtoto asipoonekana siku tatu, yeye ndiye aliyejua kama ni njaa, kama ni mbuzi wa kuchunga, au kama binti kawekwa ndani. Mjomba wake alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa na cheti na mhuri. Jioni moja nilikwenda kwake, nikakaa mkekani, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, kwa sababu niliyemwaibisha mbele za watu sikuona haki kumwomba radhi kwa siri. Akasema, "Mwalimu, hesabu za sehemu nilizisoma kwenye makaratasi. Hakuna aliyewahi kunionyesha."

Tangu hapo kila Alhamisi alasiri walimu wote saba tulikaa chini ya mkwaju tukafundishana masomo ya wiki inayofuata. Chaki zilikuwa haba miaka ile, tukaandika kwa muhogo mkavu. Mimi nilifundisha sehemu. Yeye alinifundisha namna ya kuingia nyumba ya mtu kuuliza habari za mtoto bila kuonekana polisi. Nikakaa Handeni mpaka 1994, na nilipoondoka nilikuwa na hakika kwamba uongozi ni Alhamisi chini ya mkwaju.

Tanga mjini hapakuwa na mkwaju wala Alhamisi. Shule ilikuwa na walimu 41, na kengele ya mwisho ikilia walitawanyika kama kunguru waliorushiwa jiwe. Mshahara haukutosha na haukuja kwa wakati. Kila mtu alikuwa na lake: mwenye kuuza ubuyu, mwenye barafu, mwenye ndoo ya vitumbua chini ya meza darasani. Nikaitisha kikao cha kufundishana, wakaja tisa, saba kati yao wakiangalia saa. Nikakasirika, nikapiga marufuku biashara zote. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa na maombi ya uhamisho kumi na moja mezani na karatasi za hospitali za watu ambao sikuwahi kuwaona wakiumwa.

Sitarefusha habari za Tanga mjini. Niliruhusu vitumbua wakati wa mapumziko, kwa zamu, kwa sharti kwamba mwanafunzi hatumwi kuuza. Nilikosea kuvikataza, mtu mwenye watoto wanne hawezi kula uzalendo. Twisheni ni jambo jingine. Kulikuwa na walimu waliofundisha nusu ya somo darasani na nusu iliyobaki wakaiuza jioni kwa mtoto yule yule. Hiyo niliikataza, nikasemwa, nikashitakiwa kwa wakubwa kwamba sina ushirikiano, na mpaka leo sijutii. Mwalimu kijana akinisomea habari za kiongozi anayekubaliana na mazingira, namuuliza: mazingira gani?

Shule ya tatu ilikuwa Muheza, kwenye michungwa. Nilifika mwaka 2000, na nilikuwa sijazoea hata njia ya kwenda stendi gharika ikaja. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa msingi zaidi kidogo ya milioni 4 mwaka 2000. Miaka minne baadaye walikuwa zaidi ya milioni 7. Hizo ni takwimu za kwenye vitabu. Mlangoni kwangu zilikuja kwa miguu: siku ya kuandikisha darasa la kwanza nilizoea watoto tisini, nikahesabu 247, wengine na ndevu zinachipua, kaka na mdogo wake wamekuja kuanza pamoja. Kiwango ni watoto 45 kwa darasa. Tuliwagawa asubuhi na mchana, na waliobaki tukawaweka chini ya michungwa, ambako machungwa yalikuwa yakiwashinda walimu kwa mvuto.

Pamoja na watoto zikaja fedha, jambo ambalo sikulizoea. Hesabu ya ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, japokuwa haikufika yote, na kulikuwa na fungu la kujenga madarasa. Shule ikafungua akaunti benki. Na hapo ndipo lilipokuwa jambo jipya kwangu: hundi haikutoka bila saini ya kamati ya shule. Mwenyekiti wa kamati alikuwa fundi baiskeli, kasoma mpaka darasa la nne, mikono myeusi kwa grisi.

Nilipiga hesabu yangu safi ya matofali ya saruji kutoka mjini, ili tumalize upesi, watoto waingie ndani. Mzee akaishika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue, akaisoma polepole, akasema, "Mama mwalimu, hapa naona saruji. Sioni maji, sioni gari la kuyaleta." Alitaka tufyatue matofali ya udongo tuyachome wenyewe kijijini, saruji iende kwenye msingi na sakafu. Nikamwambia wakati hatuna. Akakataa kusaini. Hundi ilikaa mezani kwangu siku tisa.

Siku ya tisa nilimwambia, kwa sauti ambayo si ya kumwambia mtu wa umri wake, "Mwenyekiti, wewe unabisha tu."

"Nabisha, ndiyo," akasema. "Tufike."

Sijui kama alilikusudia au ulimi tu ulimpeleka. Mtu wa Muheza si mtu wa bahari. Lakini nilibaki nimekaa kimya, na nilimwona baba yangu ameshika usukani na abiria wanamnong'onea. Nilikuwa nimejifunza Handeni kuwaheshimu walimu walio chini yangu. Kuongozwa na mtu aliye juu yangu kwa kuchaguliwa tu na wanakijiji, asiye na elimu yangu, hilo sikuwa nimejifunza, na wala sikujua kwamba ni la kujifunza.

Vikao vya kamati vilikuwa vikifanyika ofisini kwangu, mimi nyuma ya meza yangu, wajumbe kwenye benchi kama wamekuja kuhojiwa. Nikavihamishia darasani, mwenyekiti akakaa mbele, mimi nikakaa kwenye dawati na daftari la kuandika mihutasari. Ni jambo dogo mno kulieleza. Lakini wajumbe ambao kwa miaka miwili walikuwa wakisema "tunaunga mkono" tu, walianza kuuliza bei.

Matofali tuliyachoma wenyewe. Mzee naye alikosea: alibisha pia kuhusu masika, akasema bado, na mvua ikanyesha juu ya matofali mabichi, tukapoteza tanuri zima. Hakujificha. Alikuja asubuhi na watoto wake wa kiume, wakaanza kufyatua upya. Madarasa mawili yalisimama, na fedha ya mabati ikabaki ya kuezekea vyoo. Nilipokwenda Bagamoyo, chuo cha ADEM, kwenye mafunzo ya uongozi wa shule, mkufunzi alitufundisha juu ya ushirikishwaji wa jamii kwa siku nzima, kwa michoro yenye mishale. Nilikuwa nikimuwaza fundi baiskeli.

Sasa nifike kwenye la nne.

Mwaka 2012 nilihamishiwa pwani, kijiji cha wavuvi, nikaona nimerudi nyumbani. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikapangwa kwa rangi kufuata ufaulu wa darasa la saba: kijani, njano, nyekundu. Sisi tulikuwa nyekundu. Katika kikao kimoja wenye nyekundu tuliambiwa tusimame. Nilikuwa na miaka 54, nimesimama kama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani, na pembeni yangu kijana wa kijani akinionea huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniharibu.

Nilirudi nikabadilika, na nilibadilika haraka, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa hodari wa kubadilika. Darasa la saba nililiweka kambi: wanalala shuleni, wanasoma usiku kwa taa za jua, wazazi wanapika kwa zamu. Na nikawahamishia darasa la saba walimu wangu wawili bora kabisa. Mmoja alikuwa mama mmoja wa darasa la kwanza, ambaye ungempa kiti akikaa nacho wiki mbili kingejua irabu. Akaniuliza, "Mwalimu, na wadogo?" Nikamwambia wadogo wana muda.

Ufaulu ulipanda mwaka 2014, ukapanda tena mwaka 2015. Nikaitwa mbele safari hii kwa makofi, nikapewa cheti. Picha ninayo, nimevaa kitenge kipya.

Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2014 walifika darasa la nne mwaka 2017, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa. Wiki chache kabla yake niliwachukua mmoja mmoja, niwasikilize wakisoma. Walikuwa 97. Mvulana mmoja alinisomea hadithi nzima bila kukwama, kidole kikitembea chini ya mistari, sauti nzuri. Nikatazama kitabu. Kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa hadithi nyingine. Aliikariri kwa kuwasikia wenzake, na kwa miaka mitatu hakuna mwalimu aliyetazama kidole chake kiko wapi. Kama yeye, wasioweza kusoma aya moja, walikuwa 31.

Wale ni watoto wangu. Hakuna waraka ulioniambia niwanyang'anye mwalimu wao. Niliambiwa nipandishe rangi, nikaamua mwenyewe gharama yake ilipwe na wadogo ambao hawana rangi.

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri kazi ya baba. Kugeuza tanga kila mtu anaweza. Nahodha anayeligeuza kwa sababu tu upepo umegeuka, bila bandari kichwani, habishi; anapeperuka, na kwa muda anaweza hata kwenda kasi kuliko wenzake. Handeni niligeuza tanga ili watoto wafundishwe vizuri zaidi. Muheza vilevile. Pwani niligeuza ili nisisimamishwe tena kikaoni. Ukiniangalia kwa nje, ulikuwa ni ule ule ustadi.

Nilimrudisha yule mama darasa la kwanza, nikamwomba radhi mbele ya walimu wote, maana njia hiyo nilikuwa naijua. Mimi mwenyewe nikachukua darasa la pili, kusoma na kuandika, kila siku kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 3, na aliyetaka kuniona ofisini saa hiyo alisubiri. Wale 31 tukawatengea saa ya jioni. Kambi nikaifuta. Ufaulu wa darasa la saba mwaka 2018 ulishuka, nikatakiwa kuandika maelezo kwa nini. Niliandika kurasa mbili, na ndiyo barua ya kiofisi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika. Sikujibiwa.

Nilisahau jambo moja la miaka ile, na wanaonijia hulipenda kwa sababu linachekesha. Januari 2016 elimu bila malipo ilianza, na pamoja nayo walimu wakuu tukaanza kupewa posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi. Ghafla ukuu ambao watu walikuwa wakiukimbia ukapata wachumba. Fedha za ruzuku zikawa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na baadaye hesabu zake tukatakiwa kuziingiza kwenye mfumo wa kompyuta, FFARS. Maagizo nayo yakahamia kwenye kundi la WhatsApp, usiku wa manane, na "yafanyiwe kazi kabla ya saa 4 asubuhi". Mimi simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupokea.

Shuleni nilikuwa na mwalimu wa miaka 26, mpole, wa hisabati. Nilimwomba anifundishe kompyuta baada ya saa za kazi, na nikafunga mlango wa ofisi ili walimu wengine wasione. Akishika panya mimi naangalia, nikishika mimi mshale unakimbilia pembeni. Siku ya tatu aliacha kuniita mwalimu mkuu, akaniita mama: "Mama, usiibonyeze kwa hasira." Siku ya tano joto lilizidi, nikafungua mlango. Walimu wakachungulia. Wawili wakaingia, wakavuta viti, wakasema na wao hawajui. Kumbe shule nzima waliokuwa wakijua walikuwa watatu, na kila mtu alikuwa akimwogopa mwenzake. Wiki iliyofuata tukapanga siku ya kufundishana. Nilipendekeza Alhamisi.

Nilipostaafu yule kijana akateuliwa kukaimu nafasi yangu, kisha akathibitishwa. Tulikabidhiana vitabu vya akaunti, leja ya vifaa, mhuri, funguo saba na orodha ya wale 31, ambao wakati huo 24 walikuwa wakisoma bila shida. Wale saba waliobaki niliwaandika kwa majina kwenye karatasi ya peke yake, nikaomba aisaini kama alivyosaini leja.

Miezi mitatu baadaye nilipita pale nikielekea kwenye msiba. Kaigeuza ofisi. Meza kaisogeza ukutani, kaweka viti vya wageni dirishani, na vyeti vyangu kavihamishia kwenye chumba cha walimu. Zile saa za asubuhi za darasa la pili hafundishi yeye, anafundisha mwalimu mgeni niliyekuwa simjui. Niliumia, siwezi kusema uongo. Nikabisha hodi. Akasema kutoka ndani, "Subiri kidogo, mama, niko na mzazi." Nikakaa kwenye benchi la nje na wazazi wengine wawili, nikasubiri zamu yangu.